John Bonham wa Led Zeppelin: mpiga ngoma aliyebaki katika filme zisizo na sauti

Kama uko na mega za kutosha katika simu, ingia YouTube uandike Led Zeppelin, kisha 8mm. Utakuta vipande vya filme ambavyo fundi wa televisheni angevitupa bila kufikiri mara mbili. Picha inatetemeka. Mbele kuna vichwa vya watu, nyuma giza mingi, halafu taa nyekundu inawaka na unaona wanaume wanne wadogo kule mbali. Mmoja anaimba, wawili wameshika gita, na wa nne amekaa nyuma ya ngoma, mikono yake inapanda na kushuka. Filme nyingi za namna hii zilichukuliwa bila sauti. Unamwona mtu anapiga ngoma kwa nguvu zake zote na husikii kitu.

Yule wa nyuma ni John Bonham. Alikufa tarehe 25 Septemba 1980 akiwa na miaka 32. Wapenzi wa rock walimwita Bonzo, na wapiga batri wengi wa Ulaya na Marekani wanamweka mbele ya wengine wote mpaka leo. Huku kwetu mashariki ya Congo rock haipigwi sana redioni, tukubali. Lakini kila mtu aliyewahi kucheza seben anajua: batri ikilegea, gita ziwe tamu namna gani, watu watarudi kukaa kwenye viti. Kwa hiyo habari ya mtu huyu haiko mbali nasi. Tena kuna jambo la pili ambalo lilitufanya tuandike: sehemu kubwa ya maisha yake ya jukwaani ilihifadhiwa na watu waliokatazwa kuihifadhi.

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1948 huko Redditch, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, si mbali na Birmingham, uliojulikana zamani kwa kutengeneza sindano. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za ujenzi. Mtoto alipokuwa na miaka 5 alianza kugonga makopo ya kahawa, na akafunga nyaya chini ya kopo moja la chumvi ya kuogea ili lilie sawa ngoma ya kweli. Nani kati yetu hajaona watoto wa hivyo katika avenue yake, na bidoni ya njano na vijiti viwili? Mama yake alimpa ngoma moja ya kweli akiwa na miaka 10. Kwenye 15 baba akamnunulia batri kamili. Mwalimu wa ngoma hakuwahi kumwona. Alisikiliza sahani za wapigaji wakubwa wa jazz wa Marekani, Gene Krupa, Buddy Rich na Max Roach, na kuiga, na kukosea, na kurudia tena.

Shuleni hakung'ara. Inasimuliwa kwamba mkuu wa shule aliandika katika ripoti yake kuwa kijana huyu ataishia kuzoa takataka au kuwa milionea. Alipotoka shule, karibu mwaka 1964, aliingia kazi ya useremala kwa baba yake. Mchana misumari na mbao, usiku ngoma katika baa na kumbi ndogo. Wengi wanasema mikono yake ilipata nguvu kule, katika kubeba mbao na matofali. Inawezekana, ingawa maseremala wako wengi na Bonham alikuwa mmoja.

Orkestra zake za ujana hatutazitaja zote. Aliingia, akatoka, akaingia kwingine kule waliahidi pesa kidogo zaidi. Katika moja iliyoitwa Crawling King Snakes alikutana na mwimbaji kijana mwenye nywele ndefu, Robert Plant, na wakaendelea pamoja katika nyingine, Band of Joy. Wakati huo alikuwa tayari ameoa, na mtoto wa kwanza, Jason, alizaliwa Julai 1966. Familia ilikuwa inaishi katika nyumba ya magurudumu, ile inayovutwa nyuma ya gari. Kodi ilikuwa shida. Na wenye baa walikuwa wanalalamika, juu kijana huyu alikuwa anapiga kwa kishindo mpaka wateja hawawezi kusikilizana.

Mwaka 1968 mpiga gita wa London, Jimmy Page, alikuwa anatafuta watu wa kuunda orkestra mpya. Alishampata John Paul Jones kwa besi na kinanda, alishampata Plant kwa kuimba. Plant alimwambia habari ya rafiki yake mpiga ngoma. Page akaenda kumsikiliza katika klabu moja ya kaskazini ya London, ambako Bonham alikuwa anampigia mwimbaji Mmarekani Tim Rose, na akaona kazi ya kutafuta imekwisha. Kumbe Bonham mwenyewe hakuwa na haraka. Kwa Tim Rose alikuwa analipwa kila wiki bila kukosa, na waimbaji wengine wenye jina, Joe Cocker na Chris Farlowe, walikuwa wanamtaka. Mtu mwenye mke na mtoto haachi mshahara kwa ajili ya ahadi. Inasimuliwa kwamba Plant alimtumia telegramu nane kwenye baa alikokuwa anakunywa, na Peter Grant, meneja wa Page, akaongeza arobaini. Mwishoni alikubali, juu alipenda zaidi muziki wao.

Mwezi Agosti wanne hao walijaribu pamoja kwa mara ya kwanza katika chumba kidogo cha London. Tarehe 7 Septemba 1968 walipanda jukwaani huko Gladsaxe, Denmark, wakati huo bado wakitumia jina la orkestra ya zamani ya Page, Yardbirds. Muda mfupi baadaye walirekodi sahani yao ya kwanza kwa saa 36 hivi za studio. Januari 1969 ilikuwa sokoni kule Marekani. Yule kijana wa nyumba ya magurudumu alianza kuingiza pesa ambazo baba yake hakuwahi kuziona.

Sasa, alikuwa anafanya nini ambacho wengine hawakufanya? Watu wanafikiri ni nguvu tu. Nguvu ilikuwepo: alitumia vijiti vinene, yeye mwenyewe aliviita miti, na ngoma yake ya mguu ilikuwa na upana wa sentimita 66, kubwa kuliko ile ya wengi. Lakini ngozi za ngoma zake alizikaza, hakuzijaza blanketi ndani kama wengine walivyofanya, ili kila pigo lipumue. Na mguu wake wa kulia ulikuwa na wepesi wa ajabu. Katika wimbo wa kwanza wa sahani ile ya kwanza anapiga mapigo ya haraka kwa mguu mmoja na pedali moja, na wapigaji wengi waliposikia waliapa kwamba ana ngoma mbili za mguu. Kisha kuna jambo la kuchelewa. Anapiga kidogo nyuma ya mapigo, sawa vile mtu anatembea akijua gari haliwezi kuondoka bila yeye. Fundi wa rumba atakuelewa ukimwambia hivyo.

Mfano unaotajwa zaidi ulitoka katika nyumba ya zamani ya Headley Grange, kusini mwa Uingereza, iliyojengwa mwaka 1795 kwa kuwaweka watu maskini. Orkestra ilikwenda kurekodi pale. Siku moja batri iliwekwa chini katika ukumbi wa kuingilia, pale ngazi zinapopanda kwenda ghorofa za juu, na fundi wa sauti Andy Johns akaning'iniza maikro mbili juu kwenye ngazi. Ni hizo mbili zilizoshika ngoma, na jiwe la nyumba lenyewe likafanya kazi iliyobaki. Wimbo unaitwa When the Levee Breaks, ulitoka Novemba 1971. Nyuma ya miaka 15 vijana wa rap wa New York, Beastie Boys, walichukua mapigo yale na kuimba juu yake, na wengine wengi wakafuata. Kijana wa Goma anayetengeneza instrumentale kwenye kompyuta leo anaweza kuwa ametumia mikono ya Bonham bila kujua jina lake.

Jukwaani alikuwa na saa yake mwenyewe. Katikati ya konseri wenzake watatu walitoka nje kupumzika na kumwachia jukwaa. Wimbo uliitwa Moby Dick. Alianza na vijiti, kisha akavitupa na kupiga kwa mikono mitupu, viganja na vidole, kama mpiga ngoma wa kijijini, halafu akarudi kwenye vijiti. Wakati mwingine ilidumu dakika 20, wakati mwingine ikafika 30. Mikono ilitoka damu, hilo limeelezwa na watu wengi waliokuwa naye.

Hapa ndipo filme za watazamaji zinaingia. Miaka ile hakukuwa na simu ya kuchukua video. Kulikuwa na kamera ndogo za familia, za milimita 8 na baadaye Super 8, ambazo wazungu walinunua ili kupiga picha za arusi na watoto pwani. Boksi moja la filme ya Super 8 lina mita 15. Kwa mwendo wa kawaida wa picha 18 kwa sekunde linaisha kwa dakika 3 na kidogo. Ukitaka kuendelea lazima ufungue kamera gizani, katikati ya umati, utoe boksi, uweke jingine. Na filme si bure, tena kuisafisha ni pesa nyingine. Mtazamaji mwenye mabokisi mawili alikuwa na dakika zisizofika 7 kwa konseri ya saa 3. Ndiyo maana vipande vile vinarukaruka: sekunde 10 za mwimbaji, sekunde 15 za gita, kidogo cha taa. Solo ya dakika 20 haikuweza kuingia. Tunachopata cha Moby Dick katika filme hizi ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, anafunga, anachungulia tena.

Halafu kulikuwa na Peter Grant. Huyu meneja alikuwa mtu mkubwa kwa mwili, aliwahi kufanya mieleka, na alichukia watu wanaorekodi konseri. Sababu yake haikuwa ya kipumbavu. Kulikuwa na wafanyabiashara waliouza sahani za wizi zenye konseri za Led Zeppelin, na wanamuziki hawakuona hata faranga moja. Nani mwanamuziki wa Congo asiyejua machungu hayo? Lakini Grant na watu wake hawakuuliza kama umekuja kuiba au kukumbuka. Walipasua mashine. Kule Vancouver, Canada, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walivunja chombo cha watu wakidhani ni cha kurekodi. Kumbe wenyewe walikuwa watumishi waliotumwa kupima kelele.

Basi watazamaji wakajifunza kuficha. Wa maana kuliko wote alikuwa Mike Millard wa California. Alikuwa anaingia katika konseri za Los Angeles akisukumwa na rafiki katika kiti cha magurudumu, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Mashine nzito ya kurekodi ilifichwa katika kiti, na maikro akaziweka juu kidogo ya mwili wake. Tarehe 21 Juni 1977 alirekodi Led Zeppelin katika ukumbi wa Forum, na mkanda ule umezunguka dunia nzima juu ya ngoma: Bonham anasikika mbele, wazi, kama umekaa mita chache kutoka kwake. Millard alirekodi kwa mapenzi na hakupenda watu wageuze mikanda yake kuwa biashara. Wenye biashara hawakumsikiliza.

Sasa chukua mkanda wenye sauti bila picha, na filme yenye picha bila sauti, za usiku mmoja. Kuna watu, wengi wamekwisha kuzeeka, wenye kazi moja ya jioni: kuunganisha vitu hivyo viwili. Si rahisi. Kamera ile ilikwenda kwa betri, na betri ikichoka mwendo unapungua, hivyo picha na sauti zinaachana kila sekunde chache. Utajuaje kipande hiki cha sekunde 12 ni cha wimbo gani, na mahali gani katika wimbo? Midomo ya mwimbaji imefichwa na maikro. Vidole vya mpiga gita havionekani kwa mbali. Kinachoonekana ni mkono mnene unaopanda na kuanguka juu ya toazi. Wanamfuata mpiga ngoma. Wanahesabu mapigo yake, wanatafuta mapigo hayo hayo katika mkanda, na vikikutana, filme bubu inaanza kusema. Mtu ambaye taa zilimsahau kule nyuma ndiye anawapa saa.

Filme rasmi ilikuwepo pia, tusisahau. Mwezi Julai 1973 kamera za sinema ziliwekwa Madison Square Garden, New York, kwa konseri za siku tatu, na filme ikatoka 1976 kwa jina The Song Remains the Same. Lakini walipoangalia picha walikuta mashimo: nyimbo nyingine hazikuwa na picha za kutosha. Mwaka 1974 wakaingia studio ya Shepperton, Uingereza, wakajenga jukwaa la uongo na kujifanya wako New York. John Paul Jones alikuwa amekata nywele, ikabidi avae za bandia. Kwa hiyo katika filme hiyo kubwa ya pesa nyingi kuna mahali wanaigiza, na katika filme mbovu ya kijana aliyeficha kamera katika koti hakuna kuigiza hata sekunde moja. Kwa upande wetu tunapenda ile mbovu.

Ile rasmi ina uzuri wake, hata hivyo, na uko nje ya jukwaa. Kila mwanamuziki alionyeshwa katika hadithi yake ya kutunga, wenzake wakajivika mambo ya majumba ya kale na wachawi. Bonham alionyeshwa nyumbani. Alikuwa na shamba katika mkoa wa Worcestershire, akifuga ng'ombe wa nyama. Unamwona na ng'ombe, na mke wake, na magari yake ya mbio, na mtoto Jason akipiga batri ndogo iliyotengenezwa kwa kimo chake. Mtu anaangalia picha hizo na kuelewa kwa nini ziara zilimchosha. Alipenda kuwa pale.

Ziara ziliendelea kuwa ndefu. Aliogopa ndege. Alikosa nyumba yake. Akanywa. Na pombe ilipomwingia alikuwa mtu mwingine, waliokuwa naye walimpa jina la Mnyama. Vyumba vya hoteli vilivunjwa, watu walitukanwa na kupigwa. Vitabu vingi vya rock vinasimulia mambo hayo kama vichekesho. Sisi hatuoni cha kucheka. Tarehe 23 Julai 1977 kule Oakland, California, nyuma ya jukwaa, mfanyakazi wa mwandaaji wa konseri alizozana na mtoto wa Peter Grant kuhusu kibao cha mlangoni. Bonham alikwenda akampiga yule mfanyakazi teke, na baadaye Grant na mlinzi mmoja wakamfungia ndani na kumpiga vibaya. Polisi walikuja, kesi ikafunguliwa, na mwisho wake watuhumiwa hawakuingia jela.

Siku tatu nyuma ya tukio lile, Robert Plant alipigiwa simu. Mtoto wake wa kiume wa miaka 5 alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ghafla kule Uingereza. Ziara ilikatwa. Aliyepanda ndege pamoja na Plant, na kusimama naye kwenye mazishi, alikuwa Bonham, yule yule wa Oakland, yule anayeogopa ndege. Page na Jones hawakuwepo mazishini, na Plant hakulisahau. Miezi ilipita, Plant hataki tena kuimba, anafikiri kuwa mwalimu. Bonham na mke wake walikuwa wanaenda kumtembelea, wanakaa naye, mpaka akakubali kurudi. Kwa hiyo ukiuliza kama Bonham alikuwa mtu mwema au mbaya, juma moja la Julai 1977 linakupa majibu mawili.

Walirudi mbele ya watu wengi sana huko Knebworth, Uingereza, tarehe 4 na 11 Agosti 1979. Solo ndefu ya Moby Dick haikuwemo tena. Katika Juni 1980 walianza ziara ndogo ya Ulaya, kumbi ndogo, taa chache. Tarehe 27 Juni huko Nuremberg, Ujerumani, nyimbo tatu tu zilipigwa, kisha Bonham akaanguka kutoka kwenye kiti chake na kupelekwa hospitali. Siku zilizofuata alirudi akapiga, mpaka Berlin tarehe 7 Julai. Ziara ile haikupewa filme rasmi. Macho yaliyobaki ni ya watazamaji tena, vipande vifupi, na mtu anayevitazama leo hawezi kuacha kumtafuta yule wa nyuma, mnene kuliko zamani, na kujiuliza kama inaonekana.

Mwezi wa tisa ziara ya Amerika ilikuwa inaandaliwa, konseri ya kwanza ingekuwa Montreal mwezi wa kumi. Asubuhi ya tarehe 24 Septemba Bonham alichukuliwa kwa gari kwenda kwenye mazoezi. Njiani aliomba wasimame wapate chakula cha asubuhi. Alikula mkate mdogo wenye nyama ya nguruwe, na akanywa vodka glasi nne kubwa, kila moja ikiwa na vipimo vinne. Vodka ni kanyanga ya kiwandani, imechujwa mpaka haina harufu ya kutisha, lakini nguvu ni ile ile. Kwenye mazoezi aliendelea kunywa. Jioni walikwenda nyumbani kwa Page, karibu na Windsor, akanywa zaidi, akalala. Watu walimbeba mpaka kitandani na kumlaza ubavu. Kesho yake mchana hakushuka. Benji LeFevre, aliyesimamia ziara, na John Paul Jones walipanda kumwamsha wakamkuta amekufa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba katika saa 24 alikuwa amekunywa vipimo 40 hivi vya vodka. Alitapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia katika njia ya pumzi. Uamuzi ulikuwa: kifo cha ajali. Neno hilo ni sahihi mbele ya sheria. Ila katika nyumba ile, na katika gari la asubuhi, na kwenye mazoezi, alikuwa katikati ya watu waliomfahamu kwa miaka 12, na wote walishamwona akinywa hivyo mara nyingi, akilala na kuamka. Walizoea. Mtu akizoeleka hivyo, nani atamwambia simama? Yeye ndiye alikuwa anawashika wote wasianguke nje ya mapigo.

Aliacha mke na watoto wawili, Jason wa miaka 14 na Zoë wa miaka 5. Magazeti yalianza kutaja majina ya wapiga batri ambao wangechukua kiti chake. Tarehe 4 Desemba 1980 wenzake walitoa tangazo fupi kwamba hawawezi kuendelea jinsi walivyokuwa. Walikuwa bado wanauza sahani kwa mamilioni, ziara ya Amerika ilikuwa imepangwa, na waliacha. Orkestra ngapi zimefanya hivyo kwa ajili ya mpiga ngoma?

Mwaka 2003, Page aliposimamia DVD kubwa ya konseri za Led Zeppelin, ilionekana kwamba filme rasmi zilizokuwepo ni chache. Kamera zao wenyewe zilikuwa zimewashwa mara chache tu katika miaka 12. Ikabidi watumie pia picha za kamera ndogo. Katika wimbo mmoja wa DVD ile picha ni za Sydney, Australia, za mchana wa Februari 1972, na sauti ni ya Long Beach, California, ya mwezi wa sita wa mwaka huo huo. Mikono ni ya siku moja, mlio ni wa siku nyingine, na bado vinaendana. Kazi iliyokuwa inafanywa na wale wazee wa jioni iliingia katika bidhaa rasmi, zaidi ya miaka 20 baada ya Grant kupasua mashine ya mwisho.

Majivu ya Bonham yako katika uwanja wa kanisa la kijiji cha Rushock, karibu na shamba lake. Wageni wanaacha vijiti na matoazi juu ya jiwe. Redditch nayo ilimwekea sanamu ya shaba katikati ya mji, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2018, siku ambayo angetimiza miaka 70. Ameonyeshwa amekaa kwenye batri yake, anapiga.

Tarehe 10 Desemba 2007 Page, Plant na Jones walipanda tena jukwaani London kwa konseri moja, katika ukumbi wa O2. Kwenye ngoma alikaa Jason, akiwa na miaka 41. Usiku ule watazamaji waliinua simu zao, na hakukuwa na mtu wa kuzipasua. Mbele ya jua kutoka, vipande vilikuwa tayari YouTube, vinatetemeka, vina vichwa vya watu mbele, na mara hii vilikuwa na sauti. Filme rasmi ya konseri ile ilingojewa mpaka mwaka 2012.